Kazi ya mtandaoni nayo ni kazi

Hapa Bukavu, kijana akishinda nyumbani mbele ya kompyuta, majirani wanasema hana kazi. Mimi ninakataa.

Tangu M23 iingie Goma mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu mwezi wa pili, benki zilifunga milango na ndege za abiria ziliacha kutua Kavumu. Wengi walipoteza kazi za ofisi. Lakini anayetafsiri maandishi ya Kifaransa kwa Kiswahili, ao anayeandika hesabu za duka la Kinshasa, hakuhitaji barabara wala barua ya mkubwa fulani. Malipo yanaingia kwenye simu, kwa M-Pesa ao Airtel Money. Halipi motari kila asubuhi. Na mama mwenye mtoto mchanga anaweza kufanya kazi hiyo bila kumuachia jirani.

Shida ni umeme. Mto Ruzizi wenye mabwawa uko hapa hapa, lakini umeme unakatika kila mara. Megabaiti nazo ni bei. Ndiyo maana wengine wanafanya kazi usiku wa manane, umeme ukirudi.

Basi wazazi, mukimukuta binti yenu bado amelala saa tatu ya asubuhi, musimutume kuchota maji mbele ya kumuuliza alilala saa ngapi.