Mwamba ngozi huvutia kwake: je, ngozi ya Katavi inavutwa na nani?

Mfugaji wa Kasekese, wilayani Tanganyika, anaweza kuwa na ng'ombe hamsini zizini, lakini akitaka kiatu cha kuingia nacho porini ananunua gambuti la mpira, kiatu cha mtumba au katambuga za tairi. Ngozi ya ng'ombe wake akichinjwa huuzwa kwa bei ya kutupa, na mara nyingine hutupwa kweli.

Kwa nini mkoa wenye ng'ombe wengi hivi hauna jina hata moja kubwa la kiatu? Ili kujibu swali hilo, tuanze mbali kidogo, kwa ukoo mmoja wa mafundi viatu wa Marekani, kisha turudi nyumbani.

Fundi, ng'ombe na reli

Mwaka 1879 fundi kijana aitwaye H. J. Justin alifika Spanish Fort, kijiji kilicho mpakani mwa jimbo la Texas. Karibu na hapo ilipita njia ya kuswagia ng'ombe kwenda kaskazini kutafuta soko. Justin alikopa dola 35 kwa kinyozi, akaanza kutengeneza na kushona buti za wachunga ng'ombe.

Buti zile hazikuwa urembo. Shingo yake ndefu ilikinga miguu dhidi ya miiba. Ncha yake iliingia kwa urahisi kwenye kikanyagio cha farasi. Kisigino kirefu kiliuzuia mguu usipenye na kunasa hapo mpanda farasi akianguka. Kila sehemu ilikuwa na kazi yake.

Mwaka 1889 Justin alihamia mji mpya wa Nocona, kwa sababu reli ilipita huko na kukiacha kijiji chake pembeni. Mkewe, Annie, alibuni karatasi maalumu ya kujipimia mguu. Mteja aliyekuwa mbali alijipima mwenyewe, akatuma vipimo kwa posta, na buti ikamfikia kwa reli. Hivyo fundi wa mji mdogo akapata wateja asiowahi kuwaona.

Binti aliyebaki

Justin alifariki mwaka 1918. Mwaka 1925 wanawe wa kiume waliamua kuhamishia kiwanda Fort Worth, mji mkubwa zaidi. Dada yao, Enid Justin, alikataa. Alikuwa ameingia karakana ya baba yake tangu utotoni na kuijua kazi yote. Alikopa dola 5,000, akabaki na mafundi wachache, akaanzisha kampuni yake palepale Nocona. Aliiongoza kwa miaka zaidi ya hamsini.

Lakini hadithi haikuishia kwenye sherehe. Mwaka 1981 kampuni ya Enid iliunganishwa na ile ya kaka zake. Mwaka 1999 kiwanda cha Nocona kilifungwa. Mwaka uliofuata kampuni ya tajiri Warren Buffett ilinunua biashara yote ya Justin. Jina la buti bado lipo madukani, ila mji uliolizaa ulibaki bila kiwanda hicho.

Kwa hiyo urithi wa kazi ya mikono una sehemu mbili: jina na mikono. Jina huweza kuuzwa kwa siku moja. Mikono ikishapotea, kuirudisha huchukua miaka mingi.

Kwetu vipo, lakini havijakutana

Ukiangalia Katavi utaona mambo yanayofanana. Ng'ombe wapo, hasa baada ya wafugaji wengi kuhamia huku kutoka Usukuma na Tabora. Reli ipo: tawi la Kaliua hadi Mpanda lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi. Mafundi viatu nao wapo, kuanzia stendi ya Mpanda hadi kwenye minada ya vijijini.

Hata dawa ya kulainisha ngozi inatengenezwa nchini. Kampuni ya TANWAT ya Njombe, iliyoanzishwa mwaka 1949, hukamua dawa hiyo kutoka magome ya miwati. Tanzania imekuwa ikiuza nje dawa ya kulainishia ngozi, na wakati huohuo ikiuza nje ngozi ambazo hazijalainishwa.

Serikali ilijaribu kuziba mwanya huo kwa ushuru mkubwa kwa ngozi ghafi inayokwenda nje, ushuru ambao wakati fulani ulifika asilimia 80. Lengo lilikuwa ngozi isindikwe hapa. Lakini viwanda vya kusindika vilikuwa vichache na viko mbali. Mnunuzi wa nje akarudi nyuma, wa ndani hakutosha, na bei kwa mfugaji ikaporomoka.

Viwanda vikubwa vya viatu navyo vina historia yenye mafunzo. Kiwanda cha viatu Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilipangwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, kikafungwa mwaka 1990. Mwaka 2020 kilizinduliwa kiwanda kipya cha ngozi cha Karanga, Moshi, kinachomilikiwa kwa ubia na Jeshi la Magereza na mfuko wa pensheni wa PSSSF. Tunakitakia heri. Hata hivyo Morogoro ilitufundisha kwamba mashine kubwa haziwezi kuchukua nafasi ya ngozi nzuri, fundi mwenye ujuzi na mteja anayejulikana.

Ngozi huharibikia wapi?

Sehemu kubwa ya hasara huanzia zizini. Chapa ya moto ikipigwa ubavuni au mgongoni huharibu eneo bora kuliko yote la ngozi. Kupe na miiba huacha makovu. Mchinjaji mwenye haraka huitoboa kwa ncha ya kisu. Kisha ngozi huanikwa chini kwenye jua kali, ikakauka juu huku ndani ikioza.

Tiba yake haihitaji mtaji mkubwa. Chapa ipigwe mguuni au shingoni. Wanyama waogeshwe. Mchunaji atumie kisu chenye ncha ya mviringo. Ngozi ipakwe chumvi mapema siku hiyohiyo, au iwambwe kwenye fremu kivulini, hewa ipite pande zote mbili.

Fundi wa Kasekese afanye nini?

Kwanza, asinakili buti la Texas. Mchungaji wetu hapandi farasi. Anatembea kutwa kwenye miiba na matope. Anahitaji soli ngumu, shingo ya kufunika kifundo cha mguu, na ngozi inayopitisha hewa kuliko mpira.

Pili, awe na daftari la vipimo. Kazi iliyofanywa na karatasi ya Annie leo inaweza kufanywa na simu: mteja anachora mguu wake kwenye karatasi, anapiga picha, anatuma, na malipo yanakwenda kwa simu hiyohiyo.

Tatu, atafute elimu na mtaji. Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, hufundisha teknolojia ya ngozi na viatu. SIDO husaidia wajasiriamali wadogo. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Nne, na hili ni la nyumbani, baba fundi amfundishe anayetaka kujifunza, awe wa kiume au wa kike. Na waandikiane mapema nani atamiliki nini. Ukoo wa Justin ulikuwa na pesa na bado uligawanyika. Karakana ya kijijini isiyo na maandishi huweza kufa wiki ya arobaini ya mwenye nayo, vifaa vikagawanywa kama vyombo vya jikoni.

Wahenga walisema mwamba ngozi huvutia kwake. Kwa miaka mingi ngozi ya Katavi imewambwa na wengine. Safari ijayo ng'ombe akichinjwa kijijini kwenu, kabla nyama haijagawanywa, uliza ngozi inakwenda wapi.