Maabara za vyuo ziwafuate wafanyabiashara mpakani

Mfanyabiashara wa vitunguu anayevusha mzigo Namanga siku hizi hatembei na bunda la noti. Mtaji wake uko kwenye simu. Humo hupokea malipo ya mteja wa Nairobi, humlipa mkulima na kumtumia dereva hela ya mafuta. Akipigiwa simu na tapeli anayejifanya wa huduma kwa wateja, akataja namba yake ya siri, mtaji wa msimu mzima unaweza kuondoka kabla lori halijamaliza foleni.

Kwa muda mrefu ameambiwa awe makini. Ushauri huo ni mzuri, lakini hautoshi. Oktoba 2020, wezi walipenya nchini Uganda kwenye mfumo wa kampuni ya kati iliyounganisha huduma za fedha za simu na benki, na huduma ya kuhamisha fedha kati ya benki na simu ikasimamishwa. Julai 2023, mfumo wa eCitizen wa Kenya ulishambuliwa, huduma nyingi za serikali zikakwama. Katika matukio hayo mawili, umakini wa mteja usingesaidia kitu. Kasoro za mifumo zinahitaji wataalamu wa kuziona mapema na kuziziba.

Wataalamu hao hawapatikani kwa kukariri. Mwanafunzi anaweza kufaulu mtihani wa usalama wa mtandao bila kuona shambulio hata moja, kama mtu aliyesomea udereva kwenye kitabu bila kushika usukani. Katika maabara, kompyuta hutengwa na mtandao wa nje, hujengwa mfumo unaofanana na wa benki au wa simu, na akaunti zote huwa za bandia. Kundi moja hushambulia, jingine hulinda. Wanafunzi hujifunza kusoma kumbukumbu za mfumo jinsi mwenye duka anavyosoma daftari la mauzo: laini imesajiliwa upya asubuhi, na kufika mchana akaunti imekombwa.

Mfano wa karibu upo Kigali. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kilichofungua tawi lake huko kwa makubaliano ya mwaka 2011 na Serikali ya Rwanda, kina mpango wa utafiti uitwao CyLab-Africa, unaoshughulikia usalama wa mifumo ya fedha barani. Chuo hicho pia huendesha picoCTF, mashindano ya bure ya mtandaoni yaliyoanza 2013, ambako vijana hutatua mafumbo ya usalama kwa vitendo.

Hata hivyo, maabara nzuri bila mifano ya soko lenyewe itafundisha nusu ya somo. Mpakani kuna meseji za utapeli za Kiswahili, mawakala wenye laini za nchi mbili, na malipo yanayobadilishwa kutoka shilingi ya Kenya kwenda ya Tanzania. Ushahidi huo umelala kwenye simu za wafanyabiashara, na wengi huufuta kwa aibu. Vyama vyao vya Busia, Mutukula na Rusumo vinaweza kuukusanya na kuukabidhi vyuoni, majina na namba zikiwa zimeondolewa. Nao watafiti warudishe walichogundua: tahadhari fupi kwa mfanyabiashara, na taarifa ya kasoro kwa kampuni husika.

Wapo wanaosema kumfundisha kijana kushambulia ni kumfundisha wizi. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana mazoezi yabaki ndani ya maabara, chini ya mwalimu na kwa ruhusa ya maandishi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 na ile ya Kenya ya 2018 tayari zinaadhibu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini. Lakini wezi hawakungoja kufundishwa. Kuwanyima walinzi mazoezi ni kuwaachia wezi uwanja.

Gharama nayo ni kubwa, na si kila chuo kitaimudu. Hapo ndipo Jumuiya ya Afrika Mashariki inapotakiwa. Mwaka 2017 wakuu wa nchi waliitangaza kanda hii kuwa eneo moja la elimu ya juu. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, lilipe tangazo hilo maana: mwanafunzi wa Dodoma au Bujumbura aweze kufanya mazoezi kwa mtandao katika maabara ya Nairobi au Kigali, na saa hizo zihesabiwe kwenye shahada yake.

Tapeli wa simu hapangi foleni ya uhamiaji. Anaweza kukaa nchi moja akamwibia mtu wa nchi nyingine, fedha zikatolewa ya tatu. Wanaofundishwa kumkamata wasizuiwe na mpaka ambao yeye hauoni.