Tarakilishi mpya isirithi jina la ile kuukuu

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa mfumo endeshi wake wa Windows 10, watu wengi wamejikuta wakizistaafisha tarakilishi walizozizoea na kutafuta nyingine. Walimu wamo, na wamo pia wanafunzi wa vyuo ambao hawana fedha za kuchezea. Kazi inayofuata ununuzi huo inajulikana: tarakilishi zote mbili huunganishwa katika mtandao mdogo wa nyumbani, kisha barua, picha, maswali ya mitihani na orodha za alama hutolewa katika ile kuukuu na kutiwa katika ile mpya. Kazi ikiisha, mwenyewe hushusha pumzi. Kipya kinyemi, na hakuna anayetaka kusumbuliwa na swali dogo kama hili: je, tarakilishi hii mpya inaitwaje?

Nadai kwamba swali hilo si dogo, na kwamba sisi tunaofundisha lugha tunalo la kusema juu yake, kwani ni suala la isimu kabla ya kuwa suala la ufundi. Kila tarakilishi iliyomo katika mtandao ina anwani ya tarakimu ambayo kwayo mashine hutafutana. Tarakimu hizo hazikaririki kwa urahisi, na isitoshe, ruta ya nyumbani huweza kuzigawa upya leo au kesho. Ndiyo maana kila chombo hupewa jina, na jina hilo ndilo tunaloliona tunapotaka kufungua faili zilizomo katika chombo kingine, au kuituma kazi kwa printa iliyofungwa kwenye tarakilishi ya chumba cha pili. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill alidai mwaka 1843 kwamba jina la pekee huonyesha kitu bila kueleza sifa zake. Kwetu Afrika dai hilo lina walakini, maana jina Akinyi hutuambia kwamba mwenyewe alizaliwa asubuhi, na Juma hutuelekeza kwenye siku ya Ijumaa. Lakini kwa tarakilishi Mill alisema kweli tupu. Kazi ya jina lake ni kuonyesha tu: ni hii, wala si ile. Likishindwa kuonyesha, halina kazi tena.

Na hushindwa mara nyingi baada ya data kuhamishwa. Baadhi ya programu za kuhamishia data hubeba kila kitu pamoja na mipangilio, jina likiwemo. Na hata pale ambapo programu haikulibeba, mwenye mashine hulibeba kwa hiari yake kwa sababu amelizoea. Sasa ziko mbili katika nyumba moja, zenye jina moja. Fahali wawili hawakai zizi moja. Katika mashine za Windows, ile inayochelewa kuwashwa huweza kuonywa kwamba jina hilo limekwisha kutumika mtandaoni, nayo isionekane na wenzake. Katika mashine za Apple jambo hupita kimyakimya zaidi: kanuni inayoongoza majina katika mitandao midogo isiyo na msimamizi, iliyochapishwa mwaka 2013, huruhusu chombo kinachokuta jina lake limechukuliwa kijitafutie jingine, na aghalabu jingine hilo ni lile lile lililobandikwa 2 mwishoni. Mwenyewe akitazama orodha huona kuna ya kwanza na ya pili, asijue ipi ni ipi. Kuhesabu si kutaja jina.

Nadhani chanzo cha tatizo hili kimo katika kitenzi tunachokitumia. Tunasema kwamba tumehamisha data. Mnyambuliko huo unatokana na hama, na mtu aliyehama Nakuru kwenda Eldoret hayuko tena Nakuru. Nyumba yake ya zamani ni tupu au ina mpangaji mwingine. Data haihami namna hiyo. Programu hizi hunakili: kilichokuwa kule kingali kule, na sura yake ya pili iko huku. (Kuna kinaya kidogo hapa, kwamba neno letu nakili lina asili katika mzizi wa Kiarabu ambao pia humaanisha kuchukua kitu mahali pamoja na kukipeleka kwingine. Kiswahili kimechagua upande mmoja wa maana na kuuacha wa pili, na kwa tarakilishi kimechagua vyema.) Anayeamini kwamba amehamisha huamini kwamba ana tarakilishi moja na gamba lake. Anayejua kwamba amenakili hujua kwamba ana tarakilishi mbili zilizo kamili, na vitu viwili vilivyo kamili vinahitaji majina mawili.

Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya upili aliyenunua kipakatalishi kipya mwishoni mwa muhula, na kuiacha tarakilishi ya zamani sebuleni ili watoto waitumie. Zote mbili zina kabrasha la alama za Kidato cha Tatu, na zote mbili zina jina moja mtandaoni, moja ikiwa na nambari. Jumatatu anasahihisha alama za wanafunzi kumi katika kipakatalishi. Jumatano, akiwa kwenye meza nyingine, anafungua kabrasha kupitia mtandao, anaona jina analolifahamu, anachapisha na kupeleka shuleni. Kabrasha lile ni la mashine ya sebuleni, nalo lina alama za kabla ya masahihisho. Hakuna kilichoharibika katika mashine yoyote; kila moja ilifanya ilichoamriwa. Hata hivyo, kuna mtoto aliyepanda kutoka C hadi B ambaye ripoti yake itasoma C, na mzazi wake atamkaripia kwa alama ambayo si yake.

Yupo atakayenijibu kwamba kurithi jina ni desturi yetu tukufu. Wakikuyu humpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu yake mzaa baba, na babu na mjukuu huishi katika boma moja bila mtu kuwachanganya. Pwani watu wawili wenye jina moja huitana somo, na usomo huo huwa sababu ya mapenzi badala ya fujo. Naikubali hoja hiyo kwa upande wa watu. Binadamu ana uso, ana sauti, ana jina la baba na lakabu aliyopewa na wenzake. Jina lake halibebi peke yake mzigo wote wa kumtambulisha. Tarakilishi katika orodha ya mtandao haina uso. Zaidi ya hayo, mjukuu hazaliwi na barua zote za babu yake tumboni.

Majina yanayokuja na mashine zenyewe hayatufai pia. Windows huzipa tarakilishi jina linaloanza kwa DESKTOP au LAPTOP, kistari, kisha mchanganyiko wa herufi na tarakimu usiotamkika. Wengine huweka jina lao kamili na cheo chao, wakidhani kwamba huko ni kumiliki. Nyumbani hakuna ubaya mkubwa, ila kipakatalishi hutoka nyumbani. Huingia katika mtandao wa hoteli, wa maktaba, wa uwanja wa ndege, na katika mitandao mingine ya aina hiyo jina lake huweza kuonekana na yeyote aliyeunganishwa hapo. Kwa nini mtu utangaze jina lako na kazi yako kwa wageni ambao hukuamkiana nao?

Wenye fani yao waliliona jambo hili zamani. Katika miaka ya 1970 majina ya tarakilishi zote za mtandao wa ARPANET huko Marekani yalikuwa katika faili moja tu, iliyotunzwa katika Stanford Research Institute, California, na ni mwaka 1983 ambapo Paul Mockapetris alibuni mfumo wa kuyagawa majina ambao intaneti inautumia hadi leo. Mwaka 1990 Don Libes aliandika waraka mfupi kuhusu jinsi ya kuichagulia tarakilishi jina. Humo anashauri kwamba mtu asiipe mashine jina lake mwenyewe, wala jina la kazi ambayo mashine inafanya kwa wakati huo, kwani kazi hubadilika na jina likabaki. Asichague jina refu. Achague maneno halisi ya lugha, na ikiwezekana yawe ya jamii moja, kama vile rangi au maua. Ni waraka wa mhandisi, lakini ningeweza kuusomesha katika darasa la semantiki bila kubadilisha mengi.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia, wala sikileti kwa uzalendo mtupu. Kanuni za kale za majina ya mtandao, ambazo zingali zinafuatwa, huruhusu herufi a hadi z, tarakimu na kistari. Nafasi haikubaliki, wala alama juu ya herufi. Mfumo wa zamani wa majina katika Windows nao hukomea herufi 15. Mfaransa akitaka kutumia neno lenye alama zake hulazimika kulivua nguo. Msemaji wa Gĩkũyũ hali kadhalika, kwa kuwa irabu zake mbili huandikwa kwa alama ambazo mashine hizi hazizipokei, na bila alama hizo neno huweza kuwa neno jingine. Kiswahili sanifu hakina alama kama hizo. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kukisanifisha kwa msingi wa Kiunguja haikuota tarakilishi, na hati ya Kiarabu iliyokuwa imeihifadhi lugha hii kwa karne kadhaa haingeruhusiwa katika orodha hizi. Lakini leo takriban neno lolote la Kiswahili linaingia humo likiwa zima, likiandikwa kama linavyotamkwa, na mtoto akilisikia kwa simu anaweza kuliandika bila kuuliza herufi.

Watu wetu pia hawahitaji kufundishwa kuvipa vyombo majina. Majahazi ya Lamu yana majina, na matatu za Nairobi zina majina. Ni ajabu kwamba sisi ambao hatuwezi kupanda gari lisilo na jina tunaishi na tarakilishi inayoitwa kwa mlolongo wa herufi saba zisizo na maana. Nyumba yenye vyombo vinne ina pepo nne za kuvigawia: kaskazi, kusi, matlai na umande. Anayependa miti atumie mvule, mbuyu, mkoko na mnazi. Wa Pwani wanaweza kuteua samaki, japo ningemshauri mtu asiiite mashine papa kisha akashangaa watoto wakiiogopa.

Ufundi wenyewe ni mchache. Jina hubadilishwa katika sehemu ya mipangilio inayotoa maelezo kuhusu kifaa, na mashine ya Windows huhitaji kuzimwa na kuwashwa tena ili jina lishike. La muhimu ni mpangilio. Ibadilishe kwanza jina tarakilishi kuukuu, wakati ile mpya imezimwa, kisha ndipo uipe mpya jina lake. Na jina la zamani lisipewe chombo chochote kwa miezi kadhaa. Fahamu kwamba njia zote za mkato zilizoelekezwa kwa jina la zamani zitakatika, na printa inayoshirikiwa huenda ikahitaji kufungwa upya. Huo ndio usumbufu ambao watu huuogopa, nami nausifu, maana kila njia inayokatika hukulazimisha kuulizwa ulikuwa unaelekea mashine ipi. Usishtuke ukiona kabrasha la mtumiaji bado lina jina la zamani, kwani jina la mashine na jina la anayeitumia ni mambo mawili tofauti.

Tarakilishi kuukuu ikiwa na jina lake yenyewe, ni vigumu kuisahau. Hilo lina uzito kwa mwalimu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humdai anayehifadhi habari za watu azilinde, na za watoto hasa, na mashine iliyouzwa kama mtumba ikiwa na alama za darasa zima, nambari za simu za wazazi na barua za nidhamu ni hifadhi iliyoachwa mlango wazi. Mwenye kuamini kwamba data ilihama hataona haja ya kuifuta diski kabla ya kuiuza. Mwenye kuona katika orodha yake mashine mbili, mvule na mbuyu, anajua kwamba mbuyu bado una vitu ndani.

Ningependa kuona walimu wa Kiswahili na wale wa tarakilishi wakikutana kwa kipindi kimoja tu kila mwaka, katika chumba chenye mashine ishirini au thelathini zenye majina yasiyotamkika, na wanafunzi wakaambiwa wazipe majina. Watabishana kuhusu ufupi, kuhusu adabu, kuhusu maneno mawili yanayokaribiana mno kimatamshi kama vile mkoko na mkoka. Mmoja wao bila shaka atapendekeza ng'ombe, na mashine itakataa kwa sababu ya ritifaa. Hapo mwalimu wa Kiswahili atakuwa na dakika kumi nzuri za kueleza tofauti kati ya ng' na ng, mbele ya darasa ambalo kwa mara ya kwanza lina sababu ya kutaka kuijua.