Ushawishi Hauvaliwi Shingoni

Tuseme wazi, manake tumechoka kunong'ona: wengi wa hao tunaowaita viongozi wa vijana wakimbizi hawaongozi mtu. Wana beji shingoni, wana fulana ya mradi, wana vyeti vya semina bahasha nzima. Lakini shida ikitokea usiku, hakuna anayebisha mlangoni kwao. Watu wanakwenda kwa mama anayeuza mahamri, ambaye hajawahi kupigwa picha na mgeni yeyote. Yeye ndiye anayejua mgonjwa apelekwe wapi na pikipiki iko kwa nani.

Sisi ni vijana wa Kibajuni. Wazazi wetu walitoka Koyama, Chovai, Chula, Ngumi na Kismayu baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Januari 1991, wakaja Kenya kwa vyombo vya baharini. Kuwakilishwa na mtu usiyemtuma tunakujua vizuri. Mwaka 2000 kule Arta, Djibouti, wakubwa wa Somalia walikubaliana kugawana viti kwa hesabu ya 4.5: koo kubwa nne, kila moja fungu zima, na waliobaki wote, sisi tukiwemo, nusu. Nusu! Tumelalamika miaka yote hiyo, na tuna haki ya kulalamika. Lakini hebu tujiulize: hata tungepewa fungu zima kesho asubuhi, tungempeleka nani? Kiti kinampa mtu mahali pa kukaa tu. Watu wa kumsikiliza atawatoa wapi?

Wazee wa visiwa vyetu walikuwa na ufundi mmoja wa kuvua kasa. Kuna samaki anaitwa chazo, ana kitu kama kibandiko juu ya kichwa, anaganda kwenye viumbe wakubwa wa baharini. Mvuvi humfunga kamba mkiani, akiona kasa humwachia. Chazo anakwenda mbio, anaganda kwenye gamba la kasa, na mvuvi anavuta kamba taratibu mpaka kasa anafika ubavuni mwa chombo. Kasa anapakiwa. Chazo anabanduliwa, anarudishwa kungojea kazi nyingine. Ukimtazama kwa mbali utadhani ni shujaa, samaki mdogo kakamata kasa mzima! Viongozi wetu wengi ni chazo.

Na kamba ameshika nani? Hapa tunawageukia nyinyi, wenzetu wa mashirika. Mradi unakuja na sharti la kushirikisha vijana, ripoti ina tarehe yake, mnahitaji vijana kumi kabla ya Alhamisi. Mnapiga simu kwa wale wale kumi, wanaojua Kiingereza na wanaojibu baruapepe haraka. Nia mbaya hamna, tunajua, na baadhi yenu mnatusomesha kwa moyo. Lakini kijana huyo anajifunza jambo moja haraka sana: sauti yake inatoka ofisini. Basi anaitazama ofisi. Akisimama mbele ya watu, macho yake yako kwa mgeni aliyeketi nyuma na daftari. Kisha mnaandika kwamba mmemjengea uwezo. Uwezo wa nini, wa kujaza orodha ya mahudhurio?

Dadaab ipo kanuni kwamba uenyekiti uwe na mwanamume na mwanamke. Kanuni nzuri sana. Lakini tumeona penginepo mwenyekiti mwanamke anaitwa wageni wakija tu, na wakiondoka anaambiwa asante mama, chai ilikuwa tamu.

Mtasema haya ni maneno ya wivu. Basi tazameni mwaka 2025. Fedha za wafadhili zilipopungua, WFP ilipunguza mgao Kakuma na Dadaab, kisha kaya zikapangwa kwa makundi, wengine wapate zaidi, wengine kidogo, wengine wasipate kitu. Watu waliandamana Kakuma. Siku kama hiyo kiongozi anapimwa kwa swali moja tu: ulijua lini? Kama alijua wiki mbili kabla akanyamaza ili asiiudhi ofisi, huyo amekwisha, hata akiongezewa beji mbili. Watu wanasamehe jibu baya. Mama akiambiwa mapema kwamba mwezi ujao chakula kitapungua, anapanga: atakopa duka gani, atapunguza nini, mtoto yupi aende kwa mjomba wake. Asipoambiwa, nafasi hiyo inashikwa na uvumi, na uvumi ndio unaorusha mawe.

Nahodha wa kwetu hana cheti cha uongozi. Anajulikana kwa vitu viwili. Asubuhi anatazama mbingu na maji, anasema leo hatutoki, na mabaharia wanakaa, ijapokuwa kila mmoja ana deni dukani. Na wakirudi na samaki, anagawa mafungu mbele ya wote, hapo hapo ufukweni: fungu la chombo, fungu lake, mafungu ya watu. Akidanganya, msimu ukigeuka baharia anapanda chombo kingine, bila ugomvi wala barua. Kwa hiyo nguvu yote ya nahodha ni hii, kwamba watu wamerudi kupanda tena.

Wala si wavuvi peke yao. Mwishoni mwa 2008 wakimbizi wa Kakuma walianzisha gazeti lao, KANERE, bila kungoja shirika liwateue kuwa sauti ya mtu. Waliandika mambo ya kambini, watu wakasoma. Hivyo tu.

Vijana wenzetu, acheni kwanza kutafuta semina ya uongozi. Shika jambo moja dogo: bomba limeharibika, au jirani karatasi zake zimekwama miezi. Nenda ukaulize. Halafu, na hapa ndipo wengi wetu tunapotea, rudi. Rudi kwa mtu yule yule umwambie umemwona nani na amesema nini, hata kama amesema hapana. Rudi hata ukiwa huna habari. Beji inafungua geti, hatukatai, na Kiingereza kinafungua la pili. Lakini mkalimani anapatikana kwa posho ya siku moja. Mtu wa kuaminiwa hapatikani hivyo.

Na nyinyi wa mashirika, mara ijayo kabla ya kuwapigia wale kumi, piteni kwenye foleni ya maji. Waulizeni kina mama: mara ya mwisho ulipopata barua usiyoielewa, ulimpelekea nani? Andikeni majina watakayotaja. Kama majina yetu sisi tulioandika haya hayamo, msituite.