Tuonyesheni kilichomo ndani ya dawa, si boksi tu

Hivi karibuni jirani yangu wa hapa Buyenzi alishikwa na homa. Mwanawe mmoja alimletea vidonge kutoka duka la mtaani, mwingine akamletea boksi lenye jina la Kifaransa. Mzee akameza vyote, asubuhi, mchana na jioni, akiamini hivi ni vya homa na vile ni vya maumivu ya mwili. Nilipomsomea maandishi madogo ya ubavuni, maboksi yote mawili yalikuwa ya parasetamoli.

"Sasa mwanangu, mbona majina ni mawili?" aliniuliza.

Swali hilo ndilo limenifanya nishike kalamu. Sisi wa Bujumbura tunazijua Panadol na Doliprane, na wengi hudhani ni dawa mbili. La hasha. Molekuli ni ileile: atomi 8 za kaboni, 9 za haidrojeni, 1 ya naitrojeni na 2 za oksijeni. Mtu mzima hatakiwi kupita gramu 4 kwa siku. Sehemu ndogo ya dawa hiyo hugeuka sumu mwilini, na ini huizima. Dozi ikizidi, ini huishiwa kinga na kuanza kuharibika.

Wenzetu ng'ambo huweka molekuli mashuhuri kwenye intaneti, kwa picha na maelezo mafupi, hata mtoto wa shule akazigeuzageuza apendavyo. Sisi simu tunazo, lakini kazi yake ni kutazama mpira (nami nimo). Kwa nini wakemia na wafamasia wetu wasifanye hivyo kwa Kirundi na Kiswahili?

Binafsi ningependa waanze na atemisinini. Mwaka 2000 na 2001 mlipuko wa malaria nchini ulileta wagonjwa karibu milioni 3, huku klorokwini ikishindwa. Mwaka 2003 ikaja dawa ya mseto, atesuneti na amodiakwini. Je, ni akina mama wangapi walioelezwa kwamba ndani ya atemisinini mna atomi 2 za oksijeni zilizoshikana kama daraja? Kijidudu cha malaria kinapokula damu, madini ya chuma yaliyomo hulivunja daraja hilo, na mabaki yake hukiua. Ni picha moja tu, na inaeleweka bila shahada.

Mzee amepona, alhamdulillahi. Maboksi bado yako juu ya kabati lake. Ameniomba niandike neno "parasetamoli" juu ya kila moja, kwa kalamu nene.