Sinema ya kutisha: wewe unacheka, mtoto halali

MAMA mmoja wa Kilindoni, kisiwani Mafia, alinisimulia kisa ambacho wazazi wengi mtakitambua. Mwanawe wa miaka sita alifuatana na kaka zake kibanda umiza kutazama filamu ya jini. Filamu yenyewe ilikuwa ya fedha ndogo: damu ni rangi, jini kapakwa unga usoni, na kivuli cha mpiga picha kinaonekana ukutani. Vijana walicheka hadi wakashika mbavu. Mdogo wao naye akacheka, kwa kuwa kaka zake wanacheka.

Usiku ule aligoma kwenda chooni uani. Siku tatu mfululizo akakojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Bibi yake akataka apelekwe kwa mganga.

“Dada, mimi nilidhani filamu mbovu haimtishi mtu,” mama aliniambia.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Filamu za namna hii tumekuwa nazo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mussa Banzi alipotoa Nsyuka na baadaye Shumileta. Mtu mzima hutazama ufundi, akiona kasoro anacheka. Mtoto haangalii ufundi. Anaona njia ya mchanga kama ya kwao, minazi kama ya kwao, na jini anayeongea Kiswahili. Tena majini hayo ameshayasikia nyumbani, kwa watu anaowaamini.

Mtoto wa chini ya miaka saba au nane bado hatenganishi vizuri kilichoigizwa na kilicho kweli. Kumwambia “acha uoga” hakumsaidii. Kumtisha kwamba jini atakuja asipolala ni kuongeza chumvi kwenye kidonda.

Ufanye nini?

Msikilize asimulie alichokiona, bila kumcheka. Usimpige wala kumuaibisha kwa kukojoa. Badili shuka, mlaze. Msindikize chooni kabla ya kulala, na mwachie mwanga hafifu kwa siku chache. Mchana, mwonyeshe jinsi jini linavyotengenezwa.

Akiamka usiku, tofautisha mambo matatu. Ndoto mbaya huja zaidi kuelekea alfajiri. Mtoto huamka, anakutambua na anakumbuka alichoota. Mkumbatie. Kuweweseka kwa hofu huja mapema usiku. Anapiga kelele macho wazi lakini hakutambui, na asubuhi hakumbuki kitu. Usimtikise. Mlinde asijiumize, atatulia mwenyewe.

La tatu ni degedege: mwili unakakamaa au kurukaruka, haitikii ukimwita, mara nyingi ana homa kali. Hiyo si filamu wala si jini. Inaweza kuwa malaria au ugonjwa mwingine wa hatari. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na mpeleke hospitali usiku huohuo. Usisubiri kukuche, na usianzie kwa mganga.

Hofu ya filamu kwa kawaida hupungua ndani ya siku au wiki chache. Ikizidi mwezi, au mtoto akikataa kula, kucheza au kwenda shule, muone mhudumu wa afya.

Yule mama aliwaita wale kaka, akawapa unga wa ngano. Wakajipaka mbele ya mdogo wao, kisha wakanawa. Mtoto akauliza, “Kumbe jini anatumia sabuni?” Usiku ule alitaka kusindikizwa chooni, lakini alikwenda. Bibi ndiye aliyeshika tochi.

Bodi ya Filamu Tanzania hupanga filamu kwa umri wa watazamaji. Lakini mlangoni kwa kibanda, anayemjua mtoto wa miaka sita ni kaka yake. Kabla hawajatoka, muulize wanakwenda kutazama nini.