Dawa Ipo, Ufunguo Hatupewi

Wanatuita matapeli. Wasikilize wenye magereji makubwa ng'ambo ya kivuko wakitutaja sisi mafundi wa Bofu, utadhani kazi yetu ni kuiba programu tu. Haya, nakiri: laptopu yangu ina programu ambazo sikununua. Sasa niulize kwa nini.

Februari 2014 Toyota iliyaita magari 1,900,000 ya Prius yarudi kutengenezwa. Hakuna chuma kilichovunjika. Programu ya kompyuta inayoongoza mfumo wa haibridi ndiyo iliyokuwa na kasoro: vipande vya umeme vingeweza kupata moto kupita kiasi, gari likapoteza nguvu au likazima njiani. Dawa ni programu mpya, basi. Karibu nusu ya magari hayo yalikuwa Japani, kunakotoka haya yetu, na kwa sheria yetu ya miaka 8 gari la 2013 liliweza kushuka Kilindini hadi 2020. Mwenyewe wa kule aliitwa. Huyu wa Likoni, anayelilipia mkopo wa chama, nani kamwita?

Ndo anakuja kwangu. Mwaka jana kijana wa teksi aliniletea kigari, gia zagonga. Faili nililipata WhatsApp, kwa rafiki wa rafiki. Namba zilifanana, kama lilichezewa, sikuwa na njia ya kujua. Na kuandika programu ya gari si kupakua wimbo, bwana. Ya zamani hufutwa kwanza, na umeme ukishuka katikati, kompyuta hubaki haina ya zamani wala mpya. Nililijua hilo. Bado nikategemea betri iliyochoka, sikuunganisha chaja ya kushikilia volti. Kazi ikaganda njiani, gari likafa. Kompyuta ya mtumba nilimnunulia mimi, kwa deni. Uzembe ule ni wangu. Lile faili la gizani je?

Wenyewe hujibu kwamba programu ikiachwa wazi, wahalifu watachezea breki za watu. Si hoja ya kudharau: mwaka 2015 watafiti wawili wa Marekani waliiteka Jeep wakiwa mbali nayo, na Fiat Chrysler ikayaita magari 1,400,000. Lakini dawa waliitoaje? Wenye magari walitumiwa flashi za USB kwa posta! Kiwanda kikitia faili sahihi yake ya siri, na kompyuta ikaundwa kuikagua, faili likiguswa hukataliwa. Hapo hata likipita mikononi mwangu kuna hatari gani?

Magari haya hukaguliwa Japani kabla ya kupakiwa meli, kwa masharti ya KEBS. Breki zatazamwa, taa zatazamwa. Kwa nini wasiulize pia kama gari lililoitwa lilikwenda? Toyota ina ukurasa wa Kijapani unaotafuta kwa namba ya chesisi. Jana nimemkagulia jirani hapa kibarazani, kwa mkalimani wa simu. La kwake liliitwa, halikwenda.

"Sasa fundi," akaniuliza, "twafanyaje?"